Debe moja, mabakuli 16: yale manne yameenda wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninauza maharage ya rejareja Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mzigo nauchukua kwa wakulima wa Umalila kwa debe la plastiki la lita 20, na mezani napima kwa bakuli la lita 1. Kwa akili yangu debe litoe mabakuli 20, lakini kila mara yanatoka 16, yakizidi sana 17. Mume wangu anasema wakulima wananipiga; mimi nasema wateja ndio wananimaliza na hiyo "niongezee" yao. Sasa nimepata mteja Tunduma, mpakani na Zambia, anayetaka mzigo kwa "meda", nikazidi kuchanganyikiwa. Je, hivi vitu vya debe, sado na meda ni vipimo kweli, au ni ushamba wetu tu? Wenzetu wa nchi nyingine nao wana maneno kama haya? Ndaga fijo. – Mama wa maharage, Mwanjelwa.

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na ugomvi wa nyumbani, maana naona ndio unaochoma zaidi. Mkulima hajakupiga, na wateja hawajakumaliza. Mabakuli manne hayo unayatoa wewe mwenyewe kwa mkono wako, robo lita kwa robo lita, na yote yanapita juu ya ukingo.

Fanya jambo moja jioni kabla hujafunika meza. Jaza bakuli lako kama unavyomjazia mteja wa kawaida, usilibanie wala usilipendelee. Halafu chukua rula, au kijiti chochote kilichonyooka, ukipitishe juu ya ukingo, maharage yanayoanguka yaangukie kwenye sinia. Hayo ya kwenye sinia yapime kwa bakuli lilelile. Kama bakuli lako lina mdomo wa sentimita 16 hivi, utakuta sinia imebeba karibu robo bakuli.

Sababu yake ni ya maumbile, si ya soko. Maharage makavu ukiyamwaga sehemu moja yanajijenga kilima, na kilima kinapanda mpaka mteremko wake ufikie nyuzi 25 hivi, kisha yanaanza kuporomoka. Hata uwe na mkono mwepesi kiasi gani, huwezi kuyapandisha zaidi ya hapo. Kwenye mdomo wa sentimita 16, kilima hicho kinafika urefu wa karibu sentimita 4, na ujazo wake ni kama robo lita. Kwa hiyo bakuli lako la lita 1 halijawahi kuuza lita 1. Linauza lita 1 na robo. Gawa 20 kwa 1.25, jibu ni 16. Hesabu yako imekaa sawasawa, tena imekaa vizuri kiasi kwamba inanionyesha jambo jingine ambalo hukulitaja: wakulima wako wa Umalila wanakujazia debe la kusawazisha. Wangekuwa wanakupa na kilima, ungepata mabakuli 17 na kitu. Zile siku zilizotoka 17, bila shaka mkulima alikuwa amefurahi.

Hapa kuna siri ambayo wachuuzi wengi wanaijua kwa mikono lakini hawajawahi kuiandika. Ukubwa wa kilima hautegemei kina cha chombo, unategemea upana wa mdomo. Tena unaongezeka kwa kasi: mdomo ukipanuka mara mbili, kilima kinakua mara nane. Ndoo yako ya lita 20 yenye mdomo wa sentimita 30 inabeba kilima cha lita 1 na nusu na kidogo. Kwa ndoo nzima hiyo ni asilimia 8 tu, huioni. Lakini beseni la sentimita 40, lenye kina kifupi, la lita 15, linabeba kilima cha karibu lita 4, yaani zaidi ya robo ya beseni zima. Kopo refu la lita 1 lenye mdomo wa sentimita 10 halibebi hata asilimia 7. Chombo kipana ni rafiki wa anayenunua. Chembamba ni rafiki wa anayeuza. Ndiyo maana mteja mjanja akija na chombo chake mwenyewe, mara nyingi kinakuwa kipana.

Usikimbilie kununua kopo refu, lakini. Lita moja ya maharage makavu ina uzito wa kati ya gramu 750 na 800, kutegemea aina. Zidisha kwa 1.25 uone: bakuli lako lenye kilima ni kilo 1, pungufu ya nywele. Mteja wako anayelia "niongezee mama" na wewe unayelalamika kwamba unamalizwa, mmefika wote wawili kwenye kilo bila mizani na bila polisi. Kwa hiyo bei ya bakuli ilinganishe na bei ya kilo, siyo na sehemu moja ya ishirini ya debe. Tuseme debe umelichukua kwa shilingi 40,000. Ukigawa kwa 20 utaona bakuli limekugharimu 2,000, utauza 2,300 ukidhani umepata faida, kumbe limekugharimu 2,500 na umekula mtaji. Naogopa hapo ndipo ulipokuwa unavuja.

Sasa lile swali la ushamba.

Babu zetu wa pwani waliokuwa wanauza nafaka kwa kibaba walikuwa na msamiati wa jambo hili hili linalokusumbua. Kulikuwa na kibaba cha mfuto, kinachofutwa juu kikawa sawa na ukingo, na kibaba cha tele, kinachoachwa na kilima chake. Ukitaja bei ya kibaba bila kusema mfuto au tele, hujataja bei. Vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi, na Waislamu bado wanaitaja pishi kila mwisho wa Ramadhani kwa ajili ya zaka ya fitri, ikikadiriwa kama kilo 2 na nusu. Watu wote tunasema haba na haba hujaza kibaba, ila nenda Soko Matola ukaombe kibaba kimoja cha mchele uone watakavyokutazama. Neno limebaki kwenye methali, kopo limeondoka. Mimi ningependa "mfuto" na "tele" zirudi sokoni, kwa sababu debe, sado na bakuli havina maneno yao ya kutofautisha hivyo, tunaishia kusema "jaza vizuri", na vizuri ya muuzaji si vizuri ya mnunuzi.

Waingereza, tunaodhani walizaliwa na mizani mkononi, walihangaika na kilima hiki kwa karne nyingi. Kipimo chao kikuu cha nafaka kilikuwa busheli, pipa la mviringo la lita kama 35. Mwishoni mwa karne ya 17 Bunge lao lililazimika kuandika kwenye sheria kwamba busheli halali iwe na upana wa inchi 18 na nusu na kina cha inchi 8, na kitako chake kiwe bapa. Kwa nini kutaja upana na kina, badala ya kusema tu ujazo? Unajua tayari: kwa sababu ya mdomo. Ulaya nzima ya zamani makabaila waliokuwa wanapokea kodi ya mashamba kwa nafaka walipenda vipimo vipana na vifupi, wakipokea kwa tele na wakikopesha kwa mfuto. Wakulima walijua wanachofanyiwa. Ufaransa mwaka 1789, watu walipotakiwa kuandika malalamiko yao kwa mfalme, suala la vipimo lilijitokeza tena na tena, na mfumo wa mita na kilo tunaoutumia leo ulitangazwa rasmi huko mwaka 1795 ukiwa sehemu ya jibu.

Mwaka 1824 Waingereza walitunga sheria nyingine, na hii ndiyo inayonifurahisha zaidi. Walikubali kwamba bidhaa kama viazi, matunda, chokaa na makaa ya mawe haziwezi kufutwa juu kwa kijiti, zinauzwa na kilima tu. Basi wakakiandika kilima chenyewe kwenye sheria: kiwe na umbo la pia, kianzie ukingo wa nje wa kipimo, na kimo chake kisipungue inchi 6. Nimekipigia hesabu kilima hicho cha kisheria, kinatoka zaidi kidogo ya robo ya busheli. Karibu sawa na bakuli lako la Mwanjelwa. Haikuchukua muda wakaona haitekelezeki, na mwaka 1835 upimaji wa kilima ukafutwa kabisa. Leo Marekani bado wanataja bei ya mahindi kwa busheli, lakini hakuna anayebeba pipa. Busheli ya mahindi imekuwa jina la pauni 56, sawa na kilo 25.4, na ya ngano ni pauni 60. Chombo kimekufa, uzito wake ukarithi jina. Jambo kama hilo lilitokea kwa Wafaransa na Wajerumani, ambao mpaka leo ukiwakuta sokoni wanaomba ratili ya nyanya kwa majina yao ya kale na wanapewa nusu kilo kamili.

Japani walikuwa na kisanduku cha mbao cha kupimia mchele, na kijiti maalumu cha kufutia juu kinachoitwa tokaki. Kipimo chao kidogo, go, ni mililita 180. Go elfu moja ni koku moja, kama kilo 150 za mchele, iliyohesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa mwaka, na utajiri wa watawala wao ulitajwa kwa koku badala ya ekari au fedha. Ukinunua sufuria ya umeme ya kupikia wali iliyotengenezwa na Wajapani, angalia kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja nayo. Si robo lita, wala si kikombe cha chai. Ni go moja.

Kwa upande wa makopo, hatuko peke yetu hata kidogo. Debe lenyewe lilianza kama bati la mafuta ya taa la galoni 4 za Kiingereza, lita 18 na kidogo, na jina lake limetoka kwa Wahindi. Ilipokuja ndoo ya plastiki ya lita 20, jina halikubadilika, ujazo ukapanda karibu sehemu 1 ya 10, na sijasikia kama bei ilisubiri mtu aulize. Sado tumeipata kwenye kopo la lita 4 la rangi ya Sadolin. Kenya wana gorogoro, kopo la kilo 2 lililoanza na mafuta ya kupikia. Nigeria wanauza mchele na maharage kwa derica, jina lililotoka kwenye kopo la nyanya la De Rica, na kaskazini kwao kuna mudu, ambalo asili yake ni mudi ya Waarabu. Haiti, ng'ambo ya bahari, mchele unauzwa kwa mamit, kopo la bati la kilo 2 na nusu na zaidi. Hakuna kati ya hawa aliyekaa kikao kuchagua kipimo. Kiwanda kilihitaji makopo yanayolingana, soko likayaokota yakiwa matupu. Ukiangalia vizuri, hicho ndicho kitu ambacho mfinyanzi wa chungu hakuweza kutupa: vyombo elfu vilivyo sawa. Kwa hiyo sado si dalili ya kukosa vipimo. Ni kipimo kilichokaguliwa kiwandani, bahati mbaya tu kilikaguliwa kwa ajili ya rangi.

Warusi wanauza mbegu za alizeti za kutafuna kwa glasi, na vijijini kwao, pembeni ya barabara kuu, viazi na matunda ya porini yanapangwa kwa ndoo, kama vile unavyoona ndoo za nyanya na vitunguu pale Ilula basi la Iringa linapopunguza mwendo. Ndoo yao, vedro, iliwahi kuwa kipimo rasmi cha serikali, lita 12.3. Warusi pia wana njia nzuri ya kukadiria: wakitaka kusema kilo tano kamili wanaanza na tano, wakitaka kusema kilo tano hivi wanageuza maneno, kilo inatangulia. Sisi tunaongeza "hivi" au "kama", wao wanapindua sentensi.

Vipimo vya mkono vyote vinafanana dunia nzima, sitavikalia sana. Tuna konzi, kile unachokamata ukifumba ngumi, na ukufi, kile kinachokaa juu ya kiganja kilichofunguliwa. Waskoti wana gowpen, viganja viwili vilivyounganishwa. Na mudi ya Waarabu niliyoitaja juu inaelezwa hivyohivyo, viganja viwili vya mtu wa wastani. Nne zake ni pishi yao. Jikoni nako, mapishi yetu yanasema "chumvi kiasi" na ya Waitaliano yanaandika herufi mbili tu, q na b, kumaanisha kinachotosha. Aliyejaribu kuumaliza ugonjwa huo Marekani ni Fannie Farmer wa Boston, ambaye kuanzia mwaka 1896 aliwasisitizia wapishi kwamba kikombe cha unga kifutwe juu kwa kisu kabla hakijamwagwa bakulini. Mfuto, siyo tele. Tatizo lako la Mwanjelwa lilikuwa limefika kwenye keki za watu.

Viazi na nyanya vina mambo yake. Nilikwambia maharage yanakataa kupanda zaidi ya nyuzi 25. Viazi havikatai. Viazi hupangwa kimoja kimoja, vikubwa vikishika ukingo, vidogo vikijaza katikati, na mpangaji hodari anaweza kusimamisha juu ya sado mnara ambao sheria yoyote ya Waingereza isingeuweza. Mwenzake asiye mwema anafanya kinyume: anaweka vikubwa chini ili viache mapengo, anamalizia na vizuri juu, na kitako cha sado kimebonyezwa kwa ndani. Ukinunua kwa sado, igeuze kwanza uone kitako. Hakuna muuzaji mwenye nia njema atakayekasirika.

Kisha kuna lumbesa. Usiichanganye na bakuli lako, hata kama zote mbili ni kilima. Bakuli liko mbele ya macho ya watu wawili, mteja anaona kilima, wewe unaona kilima, bei inajipanga hapo hapo, na kesho asiporidhika anahamia meza ya jirani. Gunia la viazi shambani Njombe, Makete au Umalila kwenyewe ni habari nyingine. Mnunuzi anakuja na gunia lake, anakuja na vibarua wake wa kujaza, na juu ya mdomo wa gunia anashona kamba na nyasi au kipande cha gunia jingine, viazi vikaendelea kupanda. Bei imeshatajwa kwa gunia kabla kiazi cha kwanza hakijaingia. Hapo mkulima hana meza ya jirani ya kuhamia. Fuso limeshaingia shambani, mvua inanukia, viazi vimeshachimbwa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao yauzwe kwa uzito, na ukomo wa kifungashio ni kilo 100. Lumbesa inapita hapo kwa mbali. Mimi sioni tatizo lolote kwenye neno "gunia" wala kwenye kilima. Tatizo ni kwamba mtu mmoja anashika chombo, anashika mkono unaojaza, na anashika bei, vyote vitatu. Makabaila wa Ulaya nao hawakuiba kwa kuwa busheli ilikuwa kipimo kibaya. Waliiba kwa sababu busheli ilikaa nyumbani kwao.

(Na hata hiyo kilo 100 ni nyingi kwa mgongo wa binadamu. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Vijana wa kupakia pale Uyole wanabeba mara mbili yake huku wakiimba, na tunawaita wana nguvu.)

Turudi kwa mteja wako wa Tunduma. Meda ni kipimo cha Wazambia, dumu la lita 5 hivi, na wanapimia mahindi, karanga na maharage. Upande huohuo utasikia pia "pamela", hizo ni pakiti ndogo za unga uliofunguliwa kutoka mfuko mkubwa, zisikusumbue. Meda ya maharage ikiwa mfuto ni karibu kilo 3.9. Ikiwa tele, kwa chombo chenye mdomo wa sentimita 18, inafika kilo 4.2. Tofauti inaonekana ndogo ukiitazama kwenye meda moja. Kwenye mzigo wa kilo 100, mfuto utakupa kama meda 25 na nusu, na tele itakupa kama 24. Meda moja na nusu imelala juu ya ukingo, na kwa mzigo wa Fuso hiyo si nauli tu, ni nauli na chakula cha dereva. Angalia na umbo: wengi wanatumia dumu lililokatwa juu, na aliyelikata ndiye aliyechagua upana wa mdomo.

Kwa hiyo kabla hamjataja bei mkubaliane mambo matatu: chombo cha nani, mfuto au tele, na nani anajaza. Hilo la tatu watu wanalisahau, na ndilo zito. Nafaka inayomwagwa kutoka juu kwa nguvu inashikana kuliko inayoteremshwa taratibu. Anayekigonga chombo chini mara mbili au anayekitikisa huku akijaza anaingiza maharage mengine bila kuongeza kilima hata kidogo. Kama yeye anajaza, wewe shika chombo kisiguse ardhi. Kama wewe unajaza, naye ana haki ya kukishika.

Debe lako lenyewe lipime mara moja tu, litakusaidia miaka. Chukua chupa ya maji ya lita 1, jaza debe ukihesabu chupa mpaka ukingoni. Usishangae likimeza 21, maana ndoo nyingi mstari wa lita 20 uko chini ya ukingo. Kisha lijaze maharage makavu, ulifute juu, ulipeleke kwenye mizani yenye alama ya Wakala wa Vipimo, utoe uzito wa ndoo tupu. Kwa maharage ya kawaida na debe la lita 20 kamili, utegemee kilo 15 hadi 16. Na kama maharage hayajakauka vizuri, usishangilie uzito huo: ukikaa nayo wiki tatu hayo maji yatakuaga.

Kwenye daftari acha kuandika "debe 1" peke yake. Andika: debe la Umalila, mfuto, kilo kadhaa. Bakuli la Mwanjelwa, tele, kilo 1 kasoro. Mstari wa meda uache wazi mpaka siku utakapoliweka mizanini dumu la huyo mteja mwenyewe, siyo la jirani yake. Na mzee nyumbani mwambie awaombe radhi wa Umalila, hata kama ni kimoyomoyo.